Picha Iliyoungua

Msichana kwenye skrini hakuwa na nyusi.

Aristote aliukuza uso mpaka ukajaa skrini nzima, kisha akacheka kile kicheko chake cha puani kilichouchosha mtaa wote wa Kamalondo.

“Précieux, nani alipiga hii kintu?”

“Chileshe, photographe wa kule Mitwaba,” alijibu kijana aliyesimama mlangoni mwa studio.

“Photographe!” Aristote alilitema neno hilo. “Uyu ni muchoma makala ya jiko. Angalia sura: iko mweupe pe! Mwanga ulimushinda, na haya hana.”

Précieux hakucheka. Jumamosi ilikuwa siku ya kumtolea Wivine, msichana huyo wa pichani, mahari, huko Kasungami kwa mjomba wa msichana, na alitaka picha hiyo ichapwe kwenye bâche, bango la plastiki kubwa kama mlango, litundikwe juu ya kiti cha bibi harusi.

“Papa Aristote, minakuomba kintu kimoya tu. Sura yake usiiguse. Uiache vile iko.”

“Vile iko? Na kuungua yote hii?”

“Vile iko. Ba maman ya kwetu banasema minamuficha, sababu habamujue. Wivine aliniambia: kama unanionea haya, minarudia Mitwaba, mambo inaishia pale. Nilimupatia parole, ahadi ya mwanaume.”

Aristote aliitikia kwa kichwa, kama anavyomwitikia kila mteja bila mpango wa kumsikiliza. Précieux akaenda zake, moyo mweupe.

Katika miaka ishirini ya kazi, Aristote hakuwahi kukutana na mpigapicha mwenzake aliyestahili heshima yake. Wa Kasumbalesa walipiga picha wakiwa wamefumba macho. Wa mjini walinunua kamera nzuri kuliko akili zao. Na wa Mitwaba, jamani, wale hata kuwaita wapigapicha ni kuwapa zawadi.

Alianza na kutafuta kosa lilikotokea, kama fundi. Ukuta nyuma ya msichana ulikuwa wa kijani, kijani cha kweli, na nyufa zake zote zilionekana. Blauzi ilikuwa nyeupe. Mwanga ukizidi, nguo nyeupe ndiyo hupotea kwanza, lakini hapa vifungo vilihesabika na ua la kufuma shingoni lilionekana uzi kwa uzi. Alifungua grafu ya mwanga. Ilikaa pale inapotakiwa kukaa: mwanga haukuzidi.

“Yaani amechoma sura peke yake!” alijisemea. “Hata kuharibu hajue kuharibu.”

Macho ya msichana yalikuwa yamefumbwa nusu. Basi jibu lilikuwa hilo: jua lilimpiga usoni, na yule mpumbavu hakuona. Aristote aliridhika, akashika kazi.

Alipunguza mwanga wa uso tu. Rangi ilipokataa kurudi, aliiazima kwenye mashavu ya bibi harusi wa wiki iliyopita, kahawia ya kupendeza. Karibu na sikio, chini ya kitambaa cha kichwa, kulikuwa na vinywele viwili vitatu vya manjano. Akavifuta kama uchafu wa lenzi. Mwisho akachora nyusi, unywele mmoja mmoja, huku akipiga mluzi. Kufika saa tisa mchana msichana alikuwa mzuri, kama msichana yeyote utakayepishana naye sokoni.

Alimwonea huruma Chileshe, huruma ile tamu. Ili aifaidi zaidi, aliomba namba yake kwa watu, akamtumia ujumbe wa sauti: “Muzee, uuzishe ile appareil yako ya picha, ununue muhogo. Picha ya Wivine uliiunguza, mi nimeiokoa.”

Jibu lilikuja upesi, la maneno mawili: “Wivine unamujua?”

“Wivu,” alisema Aristote, akafuta ujumbe.

Jumamosi alitundika bâche mwenyewe uani kwa yule mjomba kabla wageni hawajafika, akaifunika kwa shuka. Alitaka kuifunua bibi harusi atakapotokea, maana makofi aliyapenda kuliko chakula. Précieux alipoingia na ukoo wake, aliiona shuka, akamwinulia kidole gumba. Shangazi yake, Maman Virginie, mmoja wa wale waliodai kwamba msichana anafichwa, alikaa mbele kabisa, midomo ameikunja.

Kama desturi ilivyo, wasichana waliletwa mmoja mmoja, wamefunikwa pagne, yaani kitenge, kutoka kichwani mpaka miguuni.

“Ni uyu?” aliuliza mjomba.

“Hapana!” alijibu Précieux.

Watu walicheka. Wa pili hapana, wa tatu hapana. Wa nne alipotokea, Précieux alisimama kabla hajaulizwa.

“Ndjo uyu!” alisema kwa furaha.

Mama wa bibi harusi alivuta pagne. Papo hapo Aristote akavuta shuka. Hakumtazama msichana, alitazama kazi yake. Makofi yalianza vizuri, kisha yakakatika. Maman Virginie ndiye peke yake aliyeendelea kupiga, na sasa alikuwa anatabasamu.

Aristote aligeuka.

Wivine alisimama juani, mweupe vilevile alivyokuwa kwenye picha ya Chileshe. Nyusi zake hazikuonekana, na nywele zake zilikuwa za rangi ya mahindi, kama za kila aliyezaliwa albino. Macho ameyafumba nusu, alimtazama yule msichana wa kahawia aliyetundikwa juu ya kiti chake. Alimtazama sana. Kisha akamgeukia Précieux.

“Na weye pia unanionea haya?”