Uji wa Mzazi

"Punguza kelele, Baba Zuhura, majirani watasikia," Mize alimwambia mumewe akiwa nje ya mlango wa choo. Ndiyo maneno ambayo Faki mwenyewe alimwambia siku Mize alipokuwa na uchungu wa kumzaa Zuhura.

Faki alitoka kalowa jasho, kiganjani ameshika kijiwe cha figo, kidogo kuliko punje ya mtama.

"Mama Zuhura, kumbe ndivyo mnavyoumwa?"

Mize alimlaza, akamfunga tumbo kwa kanga, akamletea bakuli la uji wa pilipili manga, kama afanyiwavyo mzazi aliyetoka kujifungua.

Majirani wa kike wakaingia. "Hongera! Tumekuja kumwona mtoto."

Faki akanywa funda moja, akafungua kiganja. Halafu akakikinga kijiwe kwa mkono wa pili, kisipigwe na upepo.