Maswali ya Kilima cha Kivindu

Siku hizi hupandi kilima cha msitu wa Kivindu mpaka uzijibu nguzo za njiani maswali yao ya historia, na ukikosea unateremshwa. Nakiete, mzaliwa wa kilima hichohicho, alishateremshwa mara kadhaa kwa ulimi wake mrefu. Leo kaja na adabu za kuazima.

"Nani aliishi hapa zamani?" nguzo ya kwanza iliuliza.

"Nyani tu, baba," alijibu, kwapani kabana kibuyu cha togwa ya kumwagia kaburi la mama yake.

"Hongera, mgeni. Pita."

Kaburini alikuta nguzo nyingine inamsubiri.

"Tuta hili ni nini?"

Nakiete akajibu: "Kichuguu."

"Sahihi! Kwa ushahidi wako, mgeni, tunakisawazisha sasa hivi. Tafadhali sogea."