Keki za Alhamisi

Shangazi aliisogeza sahani ya keki kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, kisha akaikalia mikono yake yote miwili.

Hakuwa anatania. Kilikuwa kipande cha keki ya chokoleti chenye krimu juu, na saa ya ukutani ilionyesha zimebaki dakika kumi na mbili. Kuizunguka meza, wanawake wengine saba, kila mmoja na kilo zake za ziada na kipande chake, walisoma magazeti ya zamani kwa bidii ya watu wanaosubiri mtihani.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Kila usiku, nyumbani, walimeza kidonge cha melatonini, homoni ya usingizi. Kila Alhamisi walikuja kliniki, wakalishwa chakula cha mchana mpaka wakatae wenyewe, halafu wakaachwa robo saa na keki. Daktari, binti mwembamba kama kalamu yake, alitaka kujua kama kidonge kinapunguza kula kwa raha, yaani kule ambako tumbo limeshasema basi na mdomo ukajibu nani kakuuliza.

Hakuwaambia kwamba sahani zinapimwa. Lakini Shangazi alikuwa amepima vifurushi posta miaka ishirini, na mizani iliyofichwa nyuma ya pazia aliitambua kwa mlio.

Kuhusu kidonge, tuseme ukweli. Usingizi ulikuwa mtamu. Hamu ya keki ilikuwa palepale, haikusogea hata inchi.

Aliyewazuia kuila ni mhudumu wa jikoni, waliyempa jina Dada Sahani. Alhamisi ya kwanza alikuja kukusanya vyombo, akakuta makombo, akashusha pumzi.

"Basi tena," alisema. "Nilidhani kitabaki kidogo niwapelekee wanangu. Watano, Shangazi. Keki wanaiona kwenye picha."

Nani angemeza tena? Shangazi aliwaita wenzake msalani, wakala kiapo: kijiko kimoja cha adabu, kitakachobaki chote kwa watoto.

Kiapo kiliwatesa. Wiki ya tatu krimu iliongezwa, mmoja wao akalia waziwazi. Wiki ya tano jikoni walileta keki ya ndimu, na Dada Sahani akanong'ona kwamba wanawe ndimu hawaitaki kabisa, wao ni chokoleti tu. Shangazi alimfuata daktari ofisini akadai chokoleti irudi, kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa shamba. Daktari alimtazama, akaandika kitu.

Angalau kazi yao ilionekana. Mikanda ya aproni ya Dada Sahani, ambayo mwanzoni ilikizunguka kiuno mara mbili, sasa ilifunga fundo moja kwa shida. Mama akiona wanawe wameshiba, Shangazi aliwaza, na yeye mwili humrudia.

Hii ilikuwa Alhamisi ya kumi, ya mwisho. Dakika zilipoisha daktari aliingia, macho yamemlowa.

"Mama zangu, nilikuwa siwaambii. Wafadhili walitaka kuufunga mradi mwezi huu. Lakini wiki tisa mfululizo mmeiacha keki karibu nzima. Kidonge kinafanya kazi. Sasa tutawapa wanawake mia tatu."

Wale wanawake saba walipiga makofi huku wakiangalia viatu vyao. Shangazi hakupiga. Aliwaona hao mia tatu, kila mmoja amekaa kitandani akisubiri hamu imtoke, haitoki, anajilaumu mwenyewe. Alikuwa amejilaumu hivyo nusu ya maisha yake, na iliuma.

Upande wa pili kulikuwa na watoto watano na mama anayeweza kufukuzwa kazi kwa sababu ya mdomo wa mtu mzima.

Alikaa kwenye benchi la koridoni nusu saa nzima. Mwishowe akainuka. Uongo ni uongo hata ukipakwa krimu, alijiambia, na wale watoto atawanunulia keki yeye mwenyewe, kila Alhamisi, mpaka wamalize shule. Akaenda ofisini kwa daktari.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani, Dada Sahani alisimama juu ya mizani, viatu mkononi.

"Umeongezeka kilo tisa kwa wiki kumi," daktari alikuwa akisema, akijaza fomu. "Usijali, dada, ndiyo maana nimekuita. Utakuwa wa kwanza kwenye kundi jipya. Nyumbani unaishi na nani? Watoto wangapi?"

Dada Sahani alijifuta krimu pembeni mwa mdomo.

"Mtoto sina, daktari," alisema. "Tuko mimi na friji tu."