Tabasamu Kwanza, Kiti Baadaye

Tabasamu litangulie, makalio yafuate. Ukipindua mpangilio huo, watu watakugundua.

Msusi alikuwa ameshabobea. Mkono wa kushoto anauweka mezani kana kwamba anapangusa makombo, pumzi anaibana, anatabasamu, ndipo anajishusha kitini. Mkono ndio unaobeba mwili. Wateja wake hawakuwahi kushtuka.

Alipopasuliwa uti wa mgongo, mama yake alihamia kwake, akawa anamwogesha na kumvisha kama kichanga. Miezi ilipopita, mama akauliza, "Mwanangu, umepona?"

Maumivu yalikuwa yale yale, na sasa yalikuwa yameshuka hadi mguuni. Daktari alisema picha imetoka safi. Tatizo ni kwamba mgongo wenyewe haukuonyeshwa hiyo picha.

"Nimepona, mama."

Mama alilia kwa furaha. Msusi akaamua kufa kikondoo. Kwenye harusi ya binamu yake alicheza mpaka akavua viatu. Kesho yake alikwenda chooni akitambaa.

Mdogo wake, fundi mwashi aliyekuwa akitembea amepinda kama msumari uliogongwa vibaya, alikuwa amemtazama akicheza pale harusini bila kupepesa macho.

"Dada, kumbe kisu kinatibu! Nimepata kazi ya kujenga shule huko mbali. Nikirudi, na mimi napasuliwa."

Mama alikuwa amesimama pale pale, anatabasamu.

"Vizuri," msusi alijibu.

Neno hilo lilimwandama miezi yote fundi alipokuwa safarini. Uongo wa kumfurahisha mama sasa ulikuwa unamsukuma mtoto wa mama huyo huyo kwenye kisu.

Leo fundi anarudi. Msusi alifunga saluni mapema, akachemsha chai, akafuta meza mpaka ikang'aa, huku akikariri: Usikubali. Mimi bado naumwa. Sijapona hata siku moja. Mama akijua, liwalo na liwe.

Mlango ukafunguliwa. Fundi aliingia amenyooka kama mlingoti.

"Dada! Yaani umefunga saluni kwa ajili yangu? Leo kuna watu watalala na nywele nusu kichwa."

"Acha utani. Kabla hujaenda hospitali, nina neno na wewe."

"Umechelewa." Fundi alicheka. "Hakukuwa na shule wala tofali. Nilikwenda kupasuliwa. Sikutaka mama aanze tena kuogesha watu wazima."

Msusi alimkodolea macho kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Usinitolee macho, nimepona! Kama wewe kabisa."

"Basi keti," alisema msusi taratibu. "Keti, mdogo wangu."

Fundi alikisogelea kiti. Akaweka mkono wa kushoto juu ya meza tupu, akapangusa makombo yasiyokuwepo, akatabasamu.

Ndipo akaketi.