Chini ya Paa la Ngedere

Nguchiro, mkandarasi asiyependa kubishiwa, alipewa kazi ya kujenga banda la wanyama wote kabla ya masika. Paa la banda aliligawa sehemu mbili: upande mmoja kwa Ngedere, wa pili kwa Kakakuona. Atakayemridhisha angekuwa fundi wake wa kudumu.

Ngedere kila akiulizwa alijibu, "Haina shida, bosi."

Kakakuona alijibu, "Naogopa. Boriti hii imepinda." Kesho yake tena, "Naogopa. Udongo haujakauka." Nguchiro akamchoka. Moyoni alishamchagua Ngedere.

Ikafika siku ya kuondoa mirunda, ile miti inayoshikilia paa mpaka likauke. Desturi yao, mirunda ikiondolewa, fundi husimama chini ya paa lake. Kakakuona akaingia chini ya lake, magamba yakigongana kwa kutetemeka. Mrunda wa mwisho ukatoka. Paa likatulia.

"Zamu yako, Ngedere."

"Haina shida, bosi," akasema Ngedere, huku akirudi nyuma. "Ngoja kwanza nikajisaidie."

Nguchiro akakimbilia upande wa Ngedere. Wanawe watatu walikuwa wakicheza chini ya paa hilo hilo.

"Tokeni!"

Wakachomoka. Udongo ukaanza kudondoka, boriti zikalia, na paa likaporomoka kabla hata mrunda mmoja haujaguswa.

Mpaka leo Kakakuona ndiye fundi wake. Wengine wakija kuomba kazi, Nguchiro huwauliza jambo moja tu: "Unaogopa nini?" Anayejibu, "Siogopi kitu, bosi," huonyeshwa njia ya kurudi kwao.