Kichupa Ndani ya Nguru

Vilimaina alikisukuma kichupa cha chanjo ndani ya tumbo la nguru, akamfukia samaki huyo chini kabisa ya friza la akina mama wa kijiji, kisha akasonya.

Nesi gani yule? Alipofika na boti, nesi huyo, Apisai, aliomba vifuko vya barafu kwenye friza hilohilo, akaviacha mezani mpaka vikatoka jasho, ndipo akavipanga kwenye kasha lake la chanjo. Vilimaina alipomuuliza, alipiga miayo.

"Ndivyo vinavyotakiwa, Bibi."

Vinavyotakiwa! Hata samaki wa kupeleka sokoni Suva hawabebwi kizembe vile. Halafu akaenda mkekani kwa mkuu wa kijiji na mzizi wake wa kava, wa kutengenezea kinywaji cha kulewesha, kama mgeni yeyote anavyopaswa. Sawa, desturi ni desturi. Lakini kifuu cha kwanza kilizaa cha pili, cha pili kikazaa cha tatu, na kasha limeachwa barazani kama mzigo wa viazi.

Na katika kisiwa jirani nimonia ilikuwa imeshazika mtoto. Boti lingine la chanjo lingekuja baada ya mvua kwisha. Vilimaina alikuwa na mjukuu mmoja tu, Maika, ambaye marehemu binti yake alimwachia angali ananyonya. Hakuwa tayari kumkabidhi kwa mlevi wa kava. Ndiyo maana alichomoa kichupa kimoja, cha Maika, akakipeleka kwenye baridi ya kweli.

Asubuhi alikiyeyusha kifuani, akakirudisha kashani juu ya vingine, akawa wa kwanza kwenye foleni. Apisai, macho mekundu, alikitikisa kidogo akamdunga Maika bila kuuliza neno. Majirani wakafuata na watoto wao mpaka kasha likabaki tupu. Vilimaina aliwatazama kwa huruma iliyochanganyika na dharau. Wajinga hawa, wanachekelea kudungwa maji vuguvugu.

Nesi alipokuwa anapakia vitu vyake botini, Vilimaina uvumilivu ulimwisha. Akamweleza yote mbele ya wanawake wenzake, friza, nguru na kila kitu, ili ajue kwamba kijijini pale kuna mtu mwenye akili.

Apisai aliweka kasha chini. Usingizi ulikuwa umemtoka.

"Kiliganda?"

"Kama jiwe," alijibu Vilimaina kwa majivuno. "Kazi yako hiyo, nimekufanyia mimi."

Nesi alimtazama Maika, aliyekuwa anatafuna ncha ya kanga ya bibi yake, kisha akatazama bahari, mawingu ya mvua yakiwa yameshaanza kujikusanya.

"Joto kidogo chanjo hii inalivumilia, Bibi. Ikiganda, imekufa. Kijiji kizima, mtoto asiye na kinga ni wako peke yake."