Chungu Kilichokoroma

Mwanangu, wewe umewahi kununua chungu bila kukigonga? Sisi huku hatununui. Chungu kizima hulia kama kengele, na chenye ufa hukoroma.

Ndiyo maana mjukuu wangu Ajambo, anapouza laivu mtandaoni, huiegemeza simu kwenye gunia la mkaa na kugonga vyungu kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole, walio mbali wasikie. Mimi bibi yake, anayeniita Kukhu, kazi yangu ni kuumba. Katika video zake huonekana mikono yangu yenye udongo, basi.

Asubuhi ile mama mmoja wa Busia, upande wa Kenya, alikuwa akichagua kwa simu vyungu vya hoteli yake. Ajambo akagonga kile kikubwa ambacho mama alikipenda kuliko vyote.

Kikakoroma.

Angeweza kukohoa, au kugonga kingine upesi. Badala yake akakisogeza karibu na simu, akaufuata kwa ukucha ufa mwembamba kama unywele.

"Mama, hiki kimepasuka. Sikuuzii."

Maandishi ya watazamaji yakamiminika. Akayasoma kwa sauti. "Kukhu, wanacheka, eti fundi wetu alikuwa amelewa. Lakini mama wa hoteli bado anataka hivi vingine. Anauliza fundi ni nani."

Akanitazama, asinitaje. Alikuwa akinifichia aibu.

Nikajifuta mikono kwenye leso.

"Geuza simu huku, Ajambo," nikasema. "Siku nyingi nataka waone na uso wangu."